Kuna maana gani kwenda Taüll kutazama kuta tupu?

SWALI: Mimi ni Mtanzania, naishi Zaragoza, Hispania, pamoja na mume wangu. Mwezi Juni mama yangu anakuja kututembelea kutoka Marangu. Ana miaka 67, ni mwana-WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), na hajawahi kupenda miji. Tuna siku nne, hatuna gari. Tungependa kumpeleka vijijini akaone makanisa ya kale na kutembea kidogo milimani. Anapanda mlima vizuri kuliko mimi, ila akishuka magoti yanamuuma. Rafiki alitutajia bonde la Boí, kisha mwingine akatuambia michoro yote maarufu ya kule iling'olewa zamani ikapelekwa Barcelona. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kuna maana gani kwenda kutazama kuta tupu?

JIBU: Dada yangu, kwanza mfikishie Mama shikamoo yangu.

Huyo rafiki wa pili amesema kweli, na bado nawaambia nendeni. Nimefanya kazi ya kuhifadhi majengo ya kale kwa miaka mingi, na nikiulizwa ni wapi mtu anaweza kuelewa kanisa la kijijini lilikuwa nini kwa watu waliolijenga, bonde la Boí ni kati ya sehemu za kwanza ninazotaja. Swali lako la kuta tupu nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu ndilo linaloamua safari yenu itakuwa ya namna gani.

Bonde lenyewe liko kaskazini mwa Katalunya, kwenye milima ya Pirenei, na mto unaolipitia unaitwa Noguera de Tor. Vijiji ni vidogo, nyumba za mawe zilizoezekwa kwa vigae vya jiwe jeusi bapa. Jina la Boí mkazo wake uko mwishoni, Bo-í. Taüll, kijiji kilicho juu ya kijiji cha Boí, ina nukta mbili juu ya u ili msomaji asiunganishe a na u: ni Ta-u, kisha sauti laini kama "ly". Mswahili haya hayamsumbui. Wenyeji wanazungumza Kikatalani, na "bon dia" ya Mama mlangoni itapokelewa vizuri.

Mwaka 2000 UNESCO iliandikisha makanisa tisa ya bonde hili kuwa urithi wa dunia. Manane ni ya vijijini na la tisa ni kikanisa kilicho peke yake mlimani. Yamejengwa kwa mtindo unaoitwa Romaneski, ule uliotawala Ulaya Magharibi katika karne ya 11 na ya 12: kuta nene, madirisha membamba, matao ya nusu duara. Mafundi wake walifuata namna ya ujenzi iliyotoka Lombardia, kaskazini mwa Italia. Alama yake mtaiona nje, ile mistari ya matao madogo madogo chini ya paa, yasiyofunguka popote, kama kushona kwenye ukingo wa kitambaa. Nyuma ya altare ukuta unapinda kwa nusu duara. Aliyewahi kuona mihrabu ya msikiti wa mwambao atalielewa umbo hilo mara moja, ila hapa ni kubwa kiasi cha padre na altare kukaa ndani.

Sasa utauliza, fedha ya kujenga minara kama ile, katika bonde lenye baridi na majani ya ng'ombe tu, ilitoka wapi? Sehemu ya jibu iko mjini kwenu. Mabwana wa Erill, waliolitawala bonde, walipigana upande wa wafalme wa Aragon katika vita vya kuteka miji iliyokuwa chini ya Waislamu, wakarudi na mali ya vita. Zaragoza yenyewe ilitekwa mwaka 1118. Miaka mitano baadaye, tarehe 10 Desemba 1123, Askofu Raimundo alifika Taüll, akalitabaruku kanisa la Sant Climent na kuweka ndani ya altare masalia ya Mtakatifu Kornelio. Kesho yake, tarehe 11, akatabaruku Santa Maria katika kijiji hicho hicho. Hatukisii tarehe hizo. Ile ya Sant Climent iliandikwa kwa rangi kwenye nguzo ya kanisa, kwa Kilatini, pamoja na jina la askofu na la mtakatifu. Mkiwaza Desemba ya Pirenei, theluji na njia za nyumbu, mtaona ile safari ilikuwa nzito kiasi gani.

Baadaye utajiri ule ulikwisha. Karne zilizofuata watu wa sehemu nyingine walikuwa wakibomoa makanisa yao ya zamani na kujenga mapya kwa mitindo mipya. Bonde la Boí halikuwa na fedha hizo. Walipaka chokaa, wakaongeza altare ya mbao mbele ya ukuta wa zamani, wakaendelea kusali. Umaskini uliwatunzia makanisa yao. Inaniuma kidogo kuisema hivyo, kwa sababu ni watu waliobeba huo umaskini, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na sasa michoro.

Mwaka 1907 kundi la wataalamu kutoka Barcelona, likiongozwa na msanifu majengo Josep Puig i Cadafalch, lilipanda bondeni likipima, likiandika na kupiga picha. Nyuma ya altare na chini ya chokaa waliona rangi. Habari zikaenea, na zikawafikia pia wafanyabiashara wa vitu vya kale. Kanisa la Santa Maria de Mur, kusini ya hapo, michoro yake ilinunuliwa, ikabanduliwa, ikauzwa Marekani. Leo iko Boston, kwenye Museum of Fine Arts. Barcelona ikashtuka. Halmashauri ya makumbusho ya mji ikaamua kununua michoro mingine kabla haijavuka bahari, na kati ya 1919 na 1923 fundi wa Kiitaliano Franco Steffanoni na wenzake wakafanya kazi hiyo kanisa kwa kanisa.

Njia waliyotumia nataka muifahamu, maana ukiifahamu utautazama ukuta kwa jicho jingine. Unachukua vipande vya kitambaa, unavipaka gundi ya moto iliyochemshwa kutoka kwa wanyama, unavibandika juu ya mchoro. Unasubiri. Gundi ikikauka inajikunja na kukaza, na inaishika ile ngozi nyembamba ya rangi. Kisha unaanza pembeni, taratibu, unavuta. Rangi inabanduka pamoja na kitambaa, na lipu inabaki ukutani. Kinachotoka ni chembamba kama ganda la kitunguu, nacho kiko kinyumenyume, uso wake umeelekea kwenye kitambaa. Wanakikunja kama mkeka, wanakipakia mgongoni kwa nyumbu, kinateremka bondeni. Barcelona wanakibandika upande wa nyuma kwenye kitambaa kingine, kisha wanaiyeyusha ile gundi ya kwanza kwa maji ya moto, na uso wa Kristo unaonekana tena, kilomita nyingi kutoka ulikochorwa.

Je, walifanya vema? Nimelifikiria swali hili kwa miaka, tena nikiwa ndani ya makanisa yenyewe. Ninaamini kwamba wasingefanya vile, Taüll ingekuwa Boston leo, au imegawanywa kwa vyumba vya matajiri kumi. Hata hivyo ni jeraha, na siwezi kuliita kwa jina jingine. Wanakijiji waliosali mbele ya uso ule miaka 800 walibaki na ukuta wenye alama za kukwanguliwa.

Kwa hiyo mkiingia Sant Climent, msitafute rangi kwanza. Simameni katikati. Nguzo ni za duara, nene, zimejengwa kwa mawe madogo yaliyochongwa kwa nyundo, na zinaligawa kanisa katika njia tatu. Paa ni la mbao. Ubaridi unatoka sakafuni hata Juni. Kwa miaka mingi nyuma ya altare palikuwa na nakala ya mchoro, iliyochorwa baada ya asili kuondoka. Mwaka 2013 waliiondoa, na chini yake yakaonekana mabaki ya mchoro wa asili ambayo kitambaa hakikuyachukua, vipande vipande. Sasa, kwa saa maalumu, taa zinazimwa na michoro inarudishwa ukutani kwa mwanga wa projekta, mstari baada ya mstari, kama vile mchoraji yuko pale anafanya kazi, hadi nusu duara lote linajaa rangi. Inachukua kama dakika kumi. Kisha mwanga unaondoka na mnabaki na ukuta.

Wenzangu wengine hawaupendi ule mwanga, wanaona ni mambo ya sinema. Mimi naupenda, kwa sababu hausemi uongo. Nakala ilikuwa inakufanya usahau kwamba kitu kimeondoka. Mwanga unakuonyesha kilichokuwepo, kisha unakurudishia ukweli.

Kristo yule ameketi juu ya upinde, amezungukwa na umbo la lozi, miguu yake juu ya tufe la dunia. Mkono wa kuume unabariki. Wa kushoto umeshika kitabu kilichofunguliwa, kimeandikwa EGO SUM LUX MUNDI: Mimi ni nuru ya ulimwengu. Mama ataisoma bila kufundishwa, ni Yohane sura ya nane. Juu kwenye tao kuna Mwanakondoo mwenye macho saba, kutoka Ufunuo. Ile bluu ya pale inatokana na jiwe liitwalo aerinaiti, linalopatikana huko huko Pirenei.

Lakini mimi nikifika huwa namtafuta Lazaro. Si yule aliyefufuliwa, namtafuta maskini wa mlangoni kwa tajiri. Amechorwa upande wa ndani wa tao, ameketi na fimbo yake, mwili umejaa vidonda, na mbwa mwenye shingo ndefu amenyoosha ulimi anamlamba mguu. Hana utukufu wowote. Mchoraji aliyejua kuchora Kristo wa kutisha vile alitenga nafasi, karibu na altare kabisa, kwa ombaomba na mbwa wake. Watu wa bonde walimwona kila Jumapili. Mwonyesheni Mama.

Hapo ndipo naanza kujibu kuhusu kutembea, kwa sababu makanisa haya hayakujengwa yatazamwe moja moja. Kila mnara unaonekana kutoka kwenye mnara mwingine au kutoka njia inayouendea. Ilikuwa minara ya kengele, na pia ya kutazamia na kupashana habari kati ya kijiji na kijiji. Ukienda kwa gari, barabara inakuzungusha na kukushusha kwenye maegesho, halafu kanisa linakutokea ghafla. Ukienda kwa njia ya zamani, mnara unakutangulia: unauona, unapotea nyuma ya miti, unarudi mkubwa zaidi. Ndivyo aliyekuwa anapeleka maiti kuzika au mtoto kubatizwa alivyouona.

Kwa goti la Mama sheria yangu ni moja: pandeni kwa miguu, shukeni kwa teksi. Inaonekana kinyume na desturi, lakini ndiyo inayowafaa. Kupanda hakumsumbui, umesema mwenyewe. Na kwa hewa msihofu: Taüll iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambayo kwa mtu wa Marangu ni nyumbani.

Siku ya kwanza mtatoka Zaragoza kwa treni hadi Lleida, kisha basi hadi El Pont de Suert, mji mdogo ulio mlangoni mwa bonde. Kutoka hapo hadi Boí ni kama kilomita 20. Mabasi ya ndani ni machache, basi pigeni simu ya teksi mapema, mkiwa bado Lleida. Laleni Erill la Vall au Boí, vyote viko pazuri kwa kutembea. Jioni hiyo jua litakuwa bado lipo hadi saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo msikae ndani. Kaeni chini ya ukumbi wa nje wa kanisa la Santa Eulàlia, Erill la Vall, mtazame mnara wake. Una ghorofa sita, mwembamba, na kwangu mimi ndio mzuri kuliko yote ya bonde.

Asubuhi ingieni ndani. Mtaona sanamu saba za mbao, nazo ni nakala: Kristo anashushwa msalabani, wapo Maria na Yohane, Yosefu wa Arimathaya na Nikodemo, na wale wanyang'anyi wawili. Zile za asili ziligunduliwa mwaka 1907 na zikatenganishwa. Maria na Yohane wako Barcelona, wale watano wengine wako makumbusho ya askofu mjini Vic. Mama wa mtu ametenganishwa na mwanawe anayeshushwa msalabani, na miaka zaidi ya mia imepita. Katika yote yaliyofanyika kwa urithi wa bonde hili, hili ndilo ninalotamani lirekebishwe.

Kutoka Erill hadi Boí kuna njia ya miguu inayoshuka kidogo hadi mtoni, inavuka, inapanda upande wa pili. Ni fupi, kama dakika ishirini. Tazameni alama za rangi kwenye mawe na miti, kwa kuwa Hispania nzima inatumia lugha moja ya rangi: mistari myeupe na myekundu ni njia ndefu za masafa, myeupe na ya njano ni njia za kati, myeupe na ya kijani ni fupi za kijijini. Mistari ikisimama sambamba, endelea. Ikikatana kama msalaba, umepotea, rudi.

Boí kuna kanisa la Sant Joan. Hapa walifanya jambo tofauti: kuta za ndani zimepakwa lipu tena na nakala za michoro zikarudishwa mahali pake, ili mtu aone kanisa lilivyokuwa limejaa rangi kutoka juu hadi chini. Tafuteni Mtakatifu Stefano anapigwa mawe. Ni pazuri pa kuanzia kabla ya Taüll, maana macho yanazoea kwamba kuta hizi hazikuwa za kijivu.

Kisha ile njia ninayoipenda. Kutoka Boí hadi Taüll mnapanda zaidi ya mita 200, kwa mwendo wa Mama labda dakika hamsini. Njia inapita katikati ya kuta fupi za mawe yaliyopangwa bila chokaa, yenye kuvu na nyasi, kila upande malisho ya kukatia ng'ombe majani ya akiba ya baridi. Juni majani yako kiunoni na yamejaa maua. Mtasikia kengele za shingoni mwa ng'ombe kabla hamjawaona ng'ombe wenyewe. Mama atalinganisha, na aachwe alinganishe. Mkulima wa milimani huyatazama malisho ya mwenzake kwa macho ya kazi, na mtajifunza mengi kwake siku hiyo kuliko kwangu. Mkikaribia juu, mnara wa Sant Climent unatokea peke yake pembeni mwa kijiji, na nyuma yake milima ambayo Juni huenda bado ina mistari ya theluji.

Angalieni saa. Makanisa haya hufungwa mchana, kwa kawaida saa nane hadi saa kumi alasiri. Mwaka wangu wa kwanza nilifika Taüll nimechelewa dakika tano, jua la utosi, nikakaa saa mbili chini ya ukuta. Tokeni Boí asubuhi. Baada ya Sant Climent, nendeni Santa Maria, iliyo katikati ya nyumba za kijiji hicho hicho. Mnara wa Sant Climent unapandika kwa ngazi za mbao ndani yake, lakini ngazi za kupanda ni za kushuka pia, kwa hiyo pandeni ninyi, Mama abaki na Lazaro. Teksi iwashushe Boí.

Siku ya tatu iwe ya mlima. Juu ya bonde ipo hifadhi ya taifa ya Aigüestortes i Estany de Sant Maurici, iliyoanzishwa mwaka 1955, ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Katalunya. Aigüestortes maana yake ni maji yaliyopindapinda. Barafu ya zamani ilichimba mawe magumu ya huko ikaacha mamia ya maziwa madogo, na mito inayozungukazunguka katika tambarare kama uzi uliodondoka. Magari binafsi hayaruhusiwi. Kuna teksi aina ya jeep zinazoondoka uwanjani Boí hadi tambarare hiyo, iliyo kama mita 1,820, karibu sawa na lango la Marangu la Kilimanjaro! Mwambieni, atacheka. Pale pana njia ya mbao juu ya maji, tambarare kabisa, goti halitalalamika. Mkiwa na nguvu, endeleeni kama saa moja zaidi hadi Estany Llong, Ziwa Refu, mle chakula chenu ukingoni. Kuogelea hakuruhusiwi. Juni mawingu hujikusanya mchana na radi huja ghafla, kwa hiyo rudini kwenye teksi mapema, na kila mmoja awe na koti la mvua hata kama asubuhi ni safi. Viatu viwe vya kukamata chini vizuri. Ndala zibaki chumbani.

Makanisa ya vijiji vya Barruera, Cardet na Cóll nimeyaruka kwa makusudi. Ni mazuri, na mkipita njiani simameni, lakini mengine hayafunguliwi kila siku na sitaki mtumie siku yenu kutafuta funguo.

Siku ya nne iwe ya Durro, na itabidi muianze mapema. Kutoka Barruera, chini bondeni, kuna njia ya zamani inayopanda hadi Durro, kama mita 300 za mwinuko. Kanisa la Durro lina jina la Kuzaliwa kwa Bikira Maria, lina ukumbi mkubwa wa nje na mnara mzito. Juu yake, kwa nusu saa nyingine ya njia pana ya vumbi, kipo kikanisa cha Sant Quirc. Kwetu tungekiita kigango, chumba kimoja kilichosimama peke yake ukingoni mwa mlima. Quirc ni mtoto mdogo aliyeuawa pamoja na mama yake, Julita. Ubao uliokuwa mbele ya altare yake sasa uko Barcelona, na unawaonyesha wanavyoteswa: kuna kukatwa kwa msumeno, kuna kuchemshwa katika sufuria, na nyuso zao zimetulia kabisa.

Kama tarehe zenu zinaangukia katikati ya Juni, ulizeni Durro wanawasha lini falla. Usiku huo watu wanashuka kutoka mlimani, kutoka upande wa kikanisa hicho, kila mmoja begani ana gogo la msonobari linalowaka, mstari mmoja mrefu wa moto hadi uwanjani. Durro ndiyo inayoanza, vijiji vingine vya bonde hufuata majira ya joto yakiendelea. Tangu 2015 sherehe hizi za moto za Pirenei nazo ziko katika orodha ya UNESCO. Kaeni kijijini mkiwasubiri, msiwafuate gizani.

Kuhusu Barcelona: kama Mama ataondokea huko, makumbusho iwe mwisho, asubuhi moja kabla ya ndege. Inaitwa MNAC, iko kilimani Montjuïc. Watu wengi huanza na makumbusho. Ninyi anzeni na bonde, ili mkisimama mbele ya Kristo wa Taüll muwe mmeshaujua ubaridi wa sakafu ile na upana wa ukuta ule. Kisha zungukeni nyuma ya nusu duara. Wameacha wazi mbao zinazoshikilia kile kitambaa, kama mifupa ya mtumbwi, na hapo mtaelewa kwamba mbele yenu kuna ngozi ya rangi isiyozidi unene wa karatasi. Msiondoke bila kwenda kwenye ubao wa Quirc na Julita.

Umeuliza kuta tupu zina maana gani. Ukuta wa Taüll bado una lipu ya 1123, bado una alama za kisu cha 1919 na kuendelea, na bado uko ndani ya kanisa lililo mwisho wa njia mtakayoipanda. Mchoro unaweza kusafirishwa. Njia, mnara na mlima haviwezi, na michoro ilichorwa kwa ajili ya mtu aliyefika kwa hiyo njia, akihema.

Haya makanisa hayajaacha kuwa nyumba za sala. Mama akitaka kukaa kimya na rozari yake pembeni, hakuna atakayemzuia, mradi tu asikae mbele ya mwanga ule wa projekta. Sant Quirc mlango huenda ukawa umefungwa, lakini nje pana nyasi na bonde lote liko chini yenu, na kwa maoni yangu hapo ndipo asali. Teksi iwafuate Durro, siyo juu, kwa hiyo ile nusu saa ya kushuka kutoka kikanisani mpeni fimbo na mwende polepole. Jazeni chupa za maji kabla ya kupanda, maana kikanisani hakuna duka.